Jamvi la Siku ya Tatu

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi ni kila mtu. Hata mwizi akibisha hujiita mimi."

Somoe alisimama mbele ya mlango wa mama yake, kiganja kikiwa bado juu ya ubao, akafungua kinywa ataje jina lake. Alikuwa akilitaja mahali pale tangu hajang'oa jino la kwanza. Leo jina halikuja. Alilisubiri kidogo, kama mtu aliyefungua bomba akasikia hewa tu ikikoroma ndani, kisha akatazama pembeni kwa haya, ingawa hapakuwa na wa kumwonea haya ila kuku mmoja aliyekuwa akijikung'uta vumbi.

"Mama," akasema. Neno hilo bado alikuwa nalo.

"Sauti naijua," mama yake akajibu kutoka ndani, karibu kabisa na mlango. "Lakini sauti peke yake hainitoshi. Siku hizi sauti zinatembea bila wenyewe. Juzi ilikuja ya baba yako ikaomba maji, nikafungua, nikanyosha kikombe mpaka mkono ukaniuma. Hapakuwa na mtu. Taja jina. Kama ni wewe mwanangu, taja nikufungulie."

Macho ya mama yake yalizimika zamani, na hakuyalilia sana. Alisema dunia aliyoiona ilimtosha. Lakini mtu asiyeona hana uso wa kumhakikishia aliyesimama mbele yake. Kwake jina ndiyo uso. Somoe akaegemeza paji lake mlangoni. Upande wa pili alisikia pumzi ya mama yake, nayo pia imeegemea. Kati ya pumzi mbili palikuwa na unene wa ubao mmoja na neno moja lililopotea.

"Mama," akasema tena.

"Kila mtu ana mama," sauti ya ndani ikajibu, na sasa ilikuwa inatetemeka. "Nenda kalitafute jina lako, ewe sauti. Ukilipata rudi. Sitalala."

Neno la kwanza kumtoka Somoe na kumpotea lilikuwa chumvi. Alisimama dukani akalitafuta, akashindwa, akaonyesha kwa kidole, mwenye duka akampa sukari. Walikula mchicha mtamu siku hiyo, na mama yake akacheka mpaka akapaliwa. Likafuata ndoo. Yakafuata majina ya siku za juma, moja moja, kama ndege wanaoondoka kwenye waya bila kuagana. Kisha yakaanza kwenda maneno ambayo mtu hajui kuwa anayatumia mpaka yasiwepo: labda, ingawa, tena. Mtu aliyepoteza "labda" hulazimika kuwa na uhakika wa kila kitu, au akae kimya. Somoe alichagua kukaa kimya. Alikuwa mwenye haya tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Akajiuliza, kwa namna ile ya kuwaza bila maneno ambayo ni kama kupapasa chumbani gizani: mtu ni nini hasa? Ukimwondolea mtu chumvi, bado ni yeye. Ukimwondolea Jumatano, bado. Endelea kuondoa. Ni lipi lile neno moja ambalo likitoka, anayebaki amesimama pale si yeye tena?

Zumari likalia kutoka Jumba la Nyimbo. Miguu yake ikageuka kabla yeye hajaamua.

Katika mji ule jua lilikuwa limekwama alasiri. Hakuna aliyekumbuka lilikwama lini. Waliodai kukumbuka walibishana, na ubishi wenyewe ulikuwa umekwisha kuzeeka. Watu walilala jua likiwa juu ya paa la Jumba la Nyimbo, la rangi ya chai iliyopoa, wakaamka wakalikuta pale pale. Jana na juzi walikuwa nazo kwa wingi, wakizisimulia na kuzitia viraka. Leo walikuwa nayo moja tu, imechakaa kama shati lililotoboka viwiko. Kesho ilitumika kuwatishia watoto. Na mtondo, ile siku inayokaa nyuma ya kesho kutwa, neno hilo lilikuwa limekufa kabisa. Vijana wakilisikia walidhani ni jina la mdudu.

Shughuli ya mji ilikuwa moja: mchezo. Ukiisha unaanza. Ulikuwa mchezo wa kale, asili yake kwa Wayunani, watu walioishi mbali na zamani mno. Ustadhi Mbarouk ndiye aliyeugeuza lugha na kuutilia nyimbo, kwa udi, kanuni, fidla na zumari. Hadithi yake ni fupi. Mfalme amefikiwa na siku yake ya kufa. Anaambiwa: utabaki, ukipata mtu wa kufa badala yako. Anamwendea mama yake mzazi, kikongwe. Mama anakataa. Anamwendea mkewe. Mke anakubali, anafariki, analiliwa, anazikwa. Kisha anafika mgeni mwenye nguvu, anapigana mieleka na Mauti pale kaburini, anamnyang'anya yule mke na kumrudisha kwa mumewe akiwa amefunikwa shela gubigubi. Mke hasemi neno. Kwa Wayunani, aliyerudi kutoka kwa wafu haruhusiwi kusikika sauti mpaka siku ya tatu. Mfalme anafunua shela, anafurahi, watu wanapiga makofi, pazia linashuka.

Somoe ndiye aliyekuwa mke.

Hapo awali aliimba wimbo wa kuaga wenye beti kumi na mbili. Maneno yalipoanza kumtoka, beti zikawa tisa, zikawa nne, na sasa ulikuwa mvumo tu wa kooni. Ustadhi Mbarouk aliusikiliza huku amefumba macho, akasema, "Sasa umeiva. Sasa ndiyo sanaa." Watu walilia zaidi kwa mvumo kuliko walivyowahi kulia kwa beti kumi na mbili. Jambo hili Somoe alilifikiria kila alipotembea kwenda jumbani. Alilifikiria kama mtu anavyoligusa kwa ulimi jino linalouma.

"Umechelewa, marehemu!" Zamda alimpokea nyuma ya jukwaa, mdomo umejaa karanga.

Zamda alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia, na ndiye aliyecheza Mauti. Aliyecheza mgeni mwenye nguvu aliondoka zamani akaacha viatu vyake, na kwa kuwa viatu vilimwenea Zamda, akapewa na hiyo nafasi. Kwa hiyo kila siku alipigana mieleka na nafsi yake, akijikaba, akijiinua, akijiangusha chini kwa kishindo, na wala watu hawakuona ajabu.

"Leo nitajiangusha kwa mkono wa kushoto," akasema. "Wa kulia umeteguka. Mauti alinizidi jana."

Somoe hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mize, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku la mavazi akishona kifungo. Bi Mize alicheza mama wa mfalme, yule aliyekataa. Kila mchezo watu walimsonya, walimrushia maganda ya machungwa, na mara nyingine walimfuata mpaka kwake wakimwita mchawi. Alikuwa na kawaida ya kuyaokota yale maganda na kuyakausha, akidai yanafukuza mbu.

"Mama," Somoe akasema. Akapiga hewa kama anayebisha. "Mlango. Hapana."

Bi Mize akaacha sindano katikati ya tundu. "Amekuuliza jina?"

Somoe akaitikia kwa kichwa.

"Na halikuja."

Machozi yakamjibia.

Bi Mize akainuka, magoti yakalia, akamshika mkono akampeleka kwenye pazia. Akalifungua kidogo, upana wa jicho. Jukwaani, juu ya jamvi kuukuu lililotandikwa tangu mchezo wa kwanza, waliketi waliaji saba, vichwa chini, wakivuma bila maneno kama nyuki ndani ya mzinga. Walikuwa wamekaa hapo siku zote. Walifagiwa wakizungukwa, kama samani.

"Umewahi kujiuliza wale ni akina nani?"

"Hapana."

"Yule mwenye kovu kidevuni alikuwa mke kabla yako. Anayemfuatia alikuwa mke kabla yake. Wote saba, mwanangu. Wote walikuwa wewe."

Karanga zikaacha kutafunwa. "Bi Mize!" Zamda akasema. "Maneno gani hayo ya kumwambia mtu anapanda jukwaani?"

"Nimwambie lini? Akishakaa pale?"

"Ungemwambia zamani."

"Nani angenisikiliza? Mimi si yule bibi aliyekataa kufa? Mwanamke aliyekataa haulizwi shauri, Zamda. Hata wewe hukai karibu nami kula karanga zako."

Zamda akatazama karanga zake. Baada ya muda akasogea, akamnyoshea Bi Mize kiganja. Bi Mize akachukua tatu.

"Kwa nini?" Somoe akauliza. Lilikuwa neno la thamani, na alijua akilitumia sana litakwisha, lakini akalitumia.

"Sikiliza. Umewahi kukaa matanga?" Bi Mize alisema taratibu, akitafuna karanga kwa upande wenye meno. "Tunakaa siku tatu. Hatupiki kwetu, hatujipambi, hatucheki kwa sauti. Tunakaa chini ili aliyekufa asione kuwa yeye peke yake ndiye aliye chini. Hiyo ni heshima. Lakini siku ya tatu, baada ya dua, wanawake wawili wanainuka, mmoja huku, mmoja kule, wanakunja jamvi. Wanalikung'uta nje. Wanafagia. Pale ndipo mfiwa anaruhusiwa kuuliza, jamani, leo tunapika nini? Jamvi lisipokunjwa, hata ukae miaka, bado ni siku ya pili. Na kimya kisichoondolewa kina njaa. Kinamla aliyekikalia."

Alipangusa mdomo. "Huyu Ustadhi wetu alipofika penye zile siku tatu za Wayunani akaona, ahaa, hizi ni matanga. Akasema tandikeni jamvi. Vizuri. Wazo zuri. Akasahau kukunja."

"Nimesahau nini?" Ustadhi Mbarouk alikuwa amesimama nyuma yao, kitambaa cha shingo kimekaa vizuri, karatasi za mchezo kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mchezo wake mpaka akasahau kuwa ndani yake mna watu.

"Ustadhi," Bi Mize akamwambia, "katika mchezo wako nani anakunja jamvi?"

"Jamvi lipi?"

"La matanga. Si liko pale?"

Ustadhi akafikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa nani huzima mwezi. "Majamvi... hukunjwa? Nimekwenda matanga mia, Bi Mize. Sijaona hata siku moja mtu akikunja jamvi. Unakwenda, yapo. Baadaye ukipita, hayapo."

Zamda akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Hukuona kwa sababu ulikuwa umekwisha kula ubwabwa wako ukaenda zako," Bi Mize akasema.

"Hata kama. Haimo." Akagonga karatasi. "Jamvi likikunjwa, ndiyo siku ya tatu. Ikiwa siku ya tatu, huyu lazima aseme. Na aseme nini? Sikumwandikia kitu. Kimya chake ndicho kinachowatoa watu machozi, akina mama. Mji mzima unakuja kutazama kimya chake. Tukikiondoa tutawapa nini?" Akamgeukia Somoe, na sauti yake ikawa laini, na ulaini ule ndio uliokuwa mzito kuubeba. "Hakuna aliyewahi kunyamaza kama wewe. Unalijua hilo?"

Somoe akainamisha kichwa. Ndiyo kawaida yake alipokuwa akisifiwa. Na akiwa ameinama hivyo, macho yake yakaangukia ukingo wa jamvi uliokuwa ukichungulia chini ya pazia, ukindu wake umekatikakatika, mweusi kwa vumbi.

Mchezo ukaanza.

Bi Mize aliimba sehemu yake katikati ya jukwaa, mikono imening'inia, na mfalme, ambaye ni Kombo mwenye sauti ya asali, amepiga magoti mbele yake akiomba.

*Nilikupa ziwa langu, roho sikukuahidi,*
*Hata mzee wa jana, leo yake hufaidi.*

"Mchawi!" watu wakapiga kelele. "Umeshakula chumvi nyingi, kizee, mwachie mwanao!" Ganda likampiga begani. Bi Mize akaliokota akalitia mfukoni, akaimba beti zilizobaki bila kuharakisha, akatoka. Kwa mujibu wa karatasi, asingeonekana tena.

Somoe alikuwa amemsikia akiimba hivyo mara zisizo na idadi. Siku zote aliamini kuwa yeye ndiye jasiri na yule ndiye mwoga. Mke aliyekubali, mama aliyekataa: mji mzima ulizipima roho zao kwa mizani hiyo. Sasa akaona kitu kingine, na kilimfanya ashindwe kutulia pale alipolala juu ya kitanda cha kufia. Wote wawili waliulizwa swali lile lile na mtu yule yule, na hakuna aliyemuuliza yeye mfalme, je, wewe huwezi kufa mwenyewe? Swali hilo halikuwa na ubeti. Mfalme aliomba kwa sauti nzuri hata ikasahaulika kuwa anaomba roho ya mtu.

Akavuma wimbo wake wa kuaga. Watu wakalia. Zamda akaja amevaa nyeusi, akamshika kifundo cha mkono, kwa upole kama kawaida, akamnong'oneza, "Pole, eh?" akampeleka nyuma ya kitambaa cheusi kilichokuwa kaburi.

Huko nyuma ndiko maneno yalikokuwa yakitoka. Somoe alikaa gizani akingoja lipi litaondoka leo, huku mbele Zamda akijibwaga chini na watu wakishangilia. Akajaribu kuyashika yote kwa pamoja: mama, mlango, mimi, hapana, kwa nini, hodi. Akayakumbatia kama mtu anayevuka barabara na watoto sita. Akahisi mkono mdogo mmoja ukichomoka.

Hodi. Hodi imekwenda.

Sasa hata kubisha hawezi. Akirudi mlangoni atasimama tu. Atasimama na kuku. Na mchezo ujao mama. Mama akitoka. Mama akitoka ataketi wapi? Pale. Wa nane. Atavuma. Watafagia wakimzunguka. Na ndani ya nyumba yule bibi hatalala, alisema hatalala, atakaa ameegemea ubao akingoja jina...

"Twende," Zamda akasema, akihema, sasa amevaa viatu vya mgeni. Akamfunika shela. "Umefufuka. Hongera."

Akamwongoza mpaka mbele ya mfalme. Kombo akarudi nyuma hatua mbili, kama alivyofundishwa, akaimba kwa sauti ya asali: "Ni nani huyu?"

Hapo ndipo mahali pa kimya. Udi ulinyamaza, fidla ikanyamaza. Watu mia nne walishusha pumzi, tayari kulia. Kombo akanyosha mkono kuelekea kwenye shela.

Somoe akainama.

Kwanza walidhani amezimia. Lakini alikuwa ameshika ukingo wa jamvi kwa mikono miwili, masikio yakiwaka moto chini ya shela, akavuta. Jamvi halikusogea. Lilikuwa na waliaji saba juu yake na miaka isiyohesabika chini yake. Akavuta tena. Mtu mmoja akacheka kwa wasiwasi. "Haimo!" Ustadhi alinong'ona kwa nguvu kutoka pembeni. "Haimo hiyo!"

Jamvi la msiba halikunjwi na mtu mmoja. Somoe alilijua hilo, na bado aliendelea kuvuta, kwa sababu hakuwa na neno la kumwitia mtu.

Kisha akasikia magoti yakilia. Bi Mize alikuwa anaingia jukwaani, mahali ambapo hakuandikiwa kuwapo, na fagio kwapani. Watu wakaanza kusonya. Hakuwatazama. Akaenda mpaka upande wa pili wa jamvi, akaweka fagio chini, akainama kwa shida, akashika.

"Inukeni, wanangu," akawaambia waliaji. "Mmekaa vya kutosha."

Wale saba wakainua nyuso. Aliyekuwa na kovu kidevuni akainuka kwanza, akiwa amemshika mwenzake bega, miguu imekufa ganzi. Wakainuka wote. Na yule aliyekataa, huku, na yule aliyekubali, kule, wakatazamana juu ya jamvi lile, wakavuta, wakaanza kukunja wakikaribiana hatua kwa hatua.

Vumbi likapanda. Halikuwa vumbi la kawaida. Lilikuwa la alasiri zote zilizopita, la dhahabu, nene, likajaa jukwaa zima, likamwingia mfalme kinywani, likaingia ndani ya shela. Somoe alijizuia. Alibana pua, akafumba macho, akakaza tumbo. Hakuweza.

Akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, isiyo na adabu hata kidogo, iliyolirusha shela mpaka kisogoni. Na watu mia nne waliokuwa wamekaa tayari kumlilia marehemu, kwa mazoea tu, bila kufikiri, kama walivyofundishwa na mama zao, wakaitikia kwa pamoja:

"Afya!"

Kisha wakasikia walichokisema. Huwezi kumtakia maiti afya. Walitazamana. Mahali fulani nyuma mtu akacheka, mwingine akadakia, na kicheko hakikuwa cha kumcheka mtu. Kilikuwa cha watu walioachia kitu walichokuwa wamekibana muda mrefu. Sakafu iliyofunikwa na jamvi ilionekana, ya rangi mbichi, kama ngozi chini ya bandeji. Na mwanga wa dirishani, uliokuwa umesimama juu ya taji la mfalme tangu lini nani ajuaye, ukateleza. Ukashuka begani kwake. Ukashuka gotini. Ukaanza kutambaa sakafuni kuelekea kwa watu, na mtoto mmoja akaupisha kwa heshima.

"Ndoo," akasema yule mwenye kovu kidevuni.

Akakiweka kiganja mdomoni, macho yamemtoka.

"Alhamisi," akasema wa pili. "Ingawa," akasema wa tatu, akilionja. "Kijiko. Kijiko cha chai," wa nne, mwenye uroho. Wa tano alitaja jina la mtu akaanza kulia. Wa sita akataja la kwake. Na wa saba, mkongwe kuliko wote, akasema kwa sauti ya mlango usiofunguliwa siku nyingi: "Mtondo."

"Jamani," Zamda akasema, akiwa na kiatu kimoja mkononi, "sasa mimi nitamchukua nani?"

"Pumzika, mwanangu," Bi Mize akamwambia. "Njoo ushike fagio."

Kombo alikuwa bado amesimama, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alimtazama Somoe kama hajawahi kumwona, na labda hakuwahi. "Ni nani wewe?" akauliza. Safari hii hakuimba. Sauti yake, bila asali, ilikuwa ndogo na ya kawaida, na ilitaka kujua kweli.

Jina lilikuwa limefika. Somoe alilihisi ulimini, zima, tamu, lenye kokwa yake ndani. Ustadhi Mbarouk naye alikuwa ametoa kalamu, anangoja. Mji wote ulinyamaza kusubiri siku ya tatu iseme nini.

Somoe akafumba midomo. Kilikuwa kimya, lakini hiki hakuandikiwa na mtu. Alikichagua mwenyewe, na kilikuwa chepesi, angeweza kutembea nacho. Akampa Bi Mize ukingo wake wa jamvi, akambusu mkono wenye harufu ya maganda ya machungwa, akashuka ngazi za mbele, zile ambazo wachezaji hawapiti, akapita katikati ya watu. Wakampisha.

Nje vivuli vilikuwa vinarefuka. Watu walisimama milangoni wakivionyesha kwa vidole, wengine wakivikwepa. Magharibi kulikuwa kumeanza kuwa na rangi ambazo mji ule ulikuwa umesahau majina yake, na Somoe, akitembea haraka, kisha akikimbia, aliyapata moja moja njiani: zambarau, damu ya mzee, kijivu.

Kuku alikuwa amekwisha kupanda mtini. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Hodi."

Pumzi upande wa pili ilikuwa pale pale.

"Nani?"

Neno la kila mtu lilimjia kwanza, kwa mazoea. Akaliacha lipite.

"Somoe," akasema.

Kisha komeo likavutwa, likakwama, likatukanwa, likavutwa tena. Mikono ya mama yake ikatoka kabla ya mama yake, ikampapasa mashavu, nyusi, nywele.

"Una vumbi mpaka masikioni. Ulikuwa unafagia nyumba ya nani?" Alikuwa analia, ila sauti ilikuwa ya kugomba. "Naona hewa imepoa. Kumekuchwa? Kumekuchwa kweli? Haya, ingia, mchicha uko jikoni unaningoja. Chumvi umeleta?"

Somoe alisimama kizingitini, akaliokota lile neno la kwanza kabisa kumtoka, akaligeuza kinywani kama mtu anayeonja mchuzi.

"Chumvi," akasema, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni. "Chumvi nimesahau, Mama."